Ratiba ya Kanada, Chumvi ya Malindi: Kisa cha Viyoyozi Vitatu

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya Malindi ambayo viyoyozi vyake vilitunzwa kwa mpango uliotoka mji wa baridi. Nilikutana nacho katika kazi yangu ya kusimamia nyumba za watu walio ng'ambo, na wenyewe wameridhia kisimuliwe. Majina, mtaa na alama nyingine za kuwatambulisha nimeziondoa. Bei ni za risiti na jumbe za M-Pesa, na nimeziweka hadi mia iliyo karibu.

Nyumba na watu wake

Ni nyumba ya ghorofa moja, ya mawe ya matumbawe, juu ina kibanda cha makuti cha kupungia upepo. Iko upande wa bahari, mwendo mfupi wa miguu hadi mchangani, na kati yake na maji hakuna jengo la kukinga upepo. Mwenye nyumba amezaliwa hapa hapa, lakini kwa miaka mingi anaishi na familia yake katika mji wa ndani wa Kanada, kwenye nyanda za ngano, ambako majira ya baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Nyumbani Malindi yupo mama yake, pamoja na mjomba wake ambaye ndiye mwangalizi wa kila kitu. Familia ya Kanada huja Desemba. Wakishaondoka, ghorofa ya juu hupangishwa kwa wageni mpaka kaskazi imalizike.

Viyoyozi vilikuwa vitatu, vya chapa moja, vimenunuliwa siku moja mwezi wa Novemba. Kimoja cha chumba kikuu cha juu (BTU 12,000, kipimo cha nguvu ya kupoza), kimoja cha sebuleni (BTU 18,000) na kimoja cha chumba cha mama (BTU 12,000). Vyote vilitumia gesi ya R-410A na vyote vilikuwa vya kompresa ya mwendo mmoja: inawaka, inazima, haina kati. Mashine za nje za chumba kikuu na sebule zilifungwa ukuta wa mashariki, zikiitazama bahari. Ya mama ilifungwa nyuma, uani, chini ya mwembe, kwa sababu tu chumba chake kiko upande huo. Hakuna aliyelifikiria jambo hili wakati huo, na ndilo lililokuja kueleza mengi.

Mpango ulivyokuwa

Mwenye nyumba si mtu wa kupuuza mali yake. Alikuwa na mpango, tena wa maandishi. Kanada ana kiyoyozi kikubwa cha nyumba nzima, ambacho mashine ya nje hukaa chini uwanjani na hewa ya baridi hupita katika njia zile zile za tanuri la kupashia nyumba joto. Hukitumia wiki chache za kiangazi. Kila masika kampuni huja mara moja, hukagua presha, husafisha koili (mabomba yenye mapezi membamba ya kutolea joto), hubadilisha filta, na kutoa ankara. Ankara yenyewe si ndogo, kwani kule kitu ghali ni saa ya fundi. Halafu kiangazi kikiisha mashine huzimwa, watu wengine huifunika juu ili barafu na majani visiingie, na haiguswi mpaka masika mengine. Kwenye baridi kali haifai hata kuijaribu, kwa sababu mafuta ya kompresa huwa mazito. Baadhi ya mashine za huko zina hita ndogo ya kuyapasha, na msimu ukianza umeme huwashwa saa nyingi kabla ili hita ifanye kazi yake.

Basi mpango huo ukahamishwa Malindi mzima mzima. Nimeonyeshwa ujumbe wenyewe:

"Mjomba, shikamoo. Fundi aitwe wiki ya kwanza ya Desemba, mara moja kwa mwaka inatosha, hata huku ni mara moja. Wageni wakiisha mwezi wa nne, zile za nje zifunikwe turubai mpaka tukaribie kuja. Na kabla ya kuziwasha, swichi ikae siku nzima."

"Marahaba mwanangu. Itafanyika inshallah."

Ikafanyika. Maturubai matatu yakashonwa kwa kipimo, shilingi 4,500. Mjomba ni mtu wa neno lake. Kila Aprili alikuwa akiyafunga mwenyewe kwa kamba ya mkonge.

Yaliyotukia

Mwaka wa kwanza na wa pili hakukuwa na la kusimulia. Kila Desemba fundi alikuja, akaosha filta na mashine za ndani, akazipuliza za nje, akalipwa 2,500 kwa kila moja. Desemba ya pili alionyesha unga mweupe kwenye mapezi ya alumini ya zile mbili za mashariki, akasema ni vumbi. Vumbi la Malindi huelekea wekundu, lakini tuendelee.

Februari iliyofuata wageni wakalalamika kuwa chumba kikuu hakipoi. Fundi akaja na geji na mtungi. "Mzee, gesi imeisha." Akajaza, 6,000. Kikapoa siku ile ile, watu wakafurahi.

Desemba ya tatu, wakati wa huduma ya kila mwaka, gesi ilikuwa imepungua tena chumba kikuu, na safari hii na sebuleni pia: 6,000 na 7,500. Januari cha sebuleni kikazima ghafla. Ndani ya kisanduku cha umeme cha mashine ya nje alikutwa mjusi kafiri amekaukia juu ya bodi, kichwa upande huu na mkia upande ule, katikati pameungua. Bodi ilitoka Mombasa kwa basi. Pamoja na usafiri na kazi ikafika 16,000. Machi vyote viwili vikajazwa gesi kwa mara nyingine, 13,500.

Muda wote huu tokeni nazo zilikuwa zikiyeyuka. Mjomba ana daftari la stima, mazoea yake ya zamani: hupenda kusoma mita saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka wa kwanza, usiku wa joto wenye wageni juu, nyumba nzima ilikuwa ikila yuniti 6 hivi. Machi ya mwisho ilikuwa ikila 10, na wageni bado wanalala madirisha wazi. Kompresa iliyopungukiwa gesi haifiki kwenye nyuzi ulizoitaka, kwa hivyo haizimi. Kwa bei waliyokuwa wakinunulia, karibu shilingi 30 kwa yuniti ukijumlisha kodi na tozo, hiyo ni 120 zaidi kila usiku. Usiku 90 wa kaskazi ni zaidi ya 10,000 ambazo hazikuandikwa popote kama gharama ya kiyoyozi. Ziliandikwa "stima".

Aprili kompresa ya chumba kikuu ikafa. Ikiwashwa, swichi inajikata.

Hapo ilikuwa imepita miaka mitatu na nusu hivi tangu vinunuliwe. Huduma za Desemba 22,500, gesi 33,000, bodi 16,000, maturubai 4,500: jumla 76,000. Mwenye nyumba akaamua, kwa simu, kwamba chapa ile ni mbovu. Vinunuliwe vitatu vipya vya chapa nyingine, vifungwe pale pale, na cha mama kiuzwe kabla nacho hakijaharibika.

Uamuzi wa kwanza: kulipia kutazamwa

Ni mjomba aliyezuia. Hoja yake ilikuwa moja: cha mama ni chapa ile ile, umri ule ule, na hakijawahi kuongezwa gesi hata mara moja. Ikiwa chapa ni mbovu, mbona hicho kizima? Akamwomba mpwa wake asubiri wiki moja. Ndipo mimi nikaitwa, nami nikamleta fundi mwingine.

Fundi huyu wa pili alitaja 4,500 ya kukagua tu, kabla ya kutengeneza chochote. Kanada ikashtuka: "Mjomba, elfu nne na mia tano za kuangalia?" Lakini kuangalia kwenyewe kulikuwa hivi. Alitoa gesi iliyobaki kwenye mfumo wa sebuleni akaihifadhi kwenye mtungi, akaingiza naitrojeni kavu mpaka geji ya presha ikasoma 350, akafunga, akaenda zake nyumbani. Asubuhi geji ilisoma 290, yaani kuna mahali panapovuja. Ndipo akachukua sifongo na povu la sabuni, akapita kwenye kila kiungo. Kwenye kona mbili ambako bomba la shaba hupinda kuingia tena kwenye koili ya nje, povu likaanza kupanda viputo vidogo vidogo, taratibu, kama uji unaokaribia kuchemka. Nati moja ya ukutani nayo ilikuwa ikivuja kidogo.

Kisha akapitisha kidole kwenye mapezi ya koili. Hayakupinda, yalivunjika. Yalikuwa yamegeuka unga, na unga ule mweupe ndio uliokuwa ukiitwa vumbi. Shaba na alumini zikigusana mahali penye chumvi na unyevu huanza kulana, na anayeliwa ni alumini. Bomba la shaba likibaki bila mapezi yake, joto halitoki vizuri, presha inapanda, kompresa inateseka. Na mahali chumvi ilipojikusanya muda mrefu, shaba yenyewe hatimaye hutoboka.

Akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Hizi huoshwa kwa maji gani?" Kijana wa bustani akajibu kwa fahari kwamba kila akimwagilia mboga huzipitishia mpira wa maji. Maji ya wapi? Ya kisimani. Fundi akachota kiganjani, akalamba, akatema. Nyumba ina maji ya mfereji, lakini hayo huwekwa kwa ajili ya kupikia na kunywa. Ya bustani ni ya kisima, na visima vya upande ule vina chumvi. Kwa hivyo zile mbili za mashariki zilikuwa zikipata chumvi ya upepo usiku na mchana, na juu yake chumvi ya mpira mara mbili tatu kwa wiki. Iliyo uani haikufikiwa na mpira.

Chini ya turubai la chumba kikuu, ambalo lilikuwa limefungwa siku chache tu zilizopita, chuma kilikuwa na majimaji, na sisimizi walikuwa wameshahamia.

Maamuzi yaliyofuata

Cha chumba kikuu kiliachwa. Kompresa imekufa, koili imeoza, na kwa namna kilivyokuwa kikijazwa gesi hakuna aliyekuwa na hakika na hali ya mabomba ndani. Fundi wa kwanza hakuwa na pampu ya kuvuta hewa. Alikuwa akitumia gesi yenyewe kuisukuma hewa nje, kisha anajaza. Mafuta yanayotumika na R-410A hunyonya unyevu haraka sana, na unyevu ukichanganyika na mafuta hayo chini ya joto la kompresa hutoa asidi. Kuweka kompresa mpya kwenye mfumo kama huo ni kubahatisha.

Kikanunuliwa kipya, cha inveta (kompresa yake hubadilisha mwendo badala ya kuwaka na kuzima tu), chenye koili iliyopakwa kinga na kinachotumia gesi ya R-32: 68,000. Jambo lililobishaniwa ni mahali pa kukifunga. Ukuta wa mashariki bomba lilikuwa la mita tatu. Kukipeleka uani karibu na cha mama kulihitaji mita tisa, kutoboa ukuta mnene wa matumbawe, na kuongeza gesi kwa gramu kama kitabu cha mashine kinavyotaka kwa kila mita inayozidi ile iliyopimiwa kiwandani. Kufunga kukapanda hadi 16,000. Mwenye nyumba aliona ni pesa za bure mpaka mjomba akampigia video, simu mkono mmoja, akimwonyesha koili ya mashariki kisha ya uani. Hakuongeza neno. Mpwa naye hakubisha.

Cha sebuleni kilikuwa bado na kompresa nzima na bodi mpya. Hapa tulikuwa na mawazo mawili. Mimi nilipendelea nacho kibadilishwe, lakini hesabu ya fundi ilikuwa na nguvu: koili mpya ya nje kutoka Mombasa 32,000, na kazi yote pamoja na naitrojeni, kuvuta hewa kwa pampu, na gesi kwa kupimwa kwenye mizani 14,000. Jumla 46,000, dhidi ya kipya cha BTU 18,000 ambacho kingezidi mara mbili ya hizo ukijumlisha kukifunga. Kikatengenezwa. Hakikuhamishwa, kwa kuwa sebule iko mbali na ua, lakini koili mpya ilipakwa kinga kabla ya kufungwa na tundu za kisanduku cha umeme zikazibwa kwa wavu mwembamba kuwazuia mijusi.

Cha mama kilioshwa, basi.

Halafu ratiba. Maturubai yakaondolewa kabisa. Kila mwezi, mwaka mzima, kijana wa bustani aoshe mashine zote tatu za nje kwa maji ya mfereji, kwa kumwagia polepole kutoka juu kwenda chini, bila mashine ya presha, kwani presha hulaza mapezi. Kabla ya yote azime swichi ya ukutani ya kila mashine, na maji yasielekezwe kwenye kisanduku cha umeme. Malipo yake 600 kwa kila mwezi. Fundi aje mara tatu kwa mwaka: Aprili kabla kusi haijashika, Agosti, na mwisho wa Novemba. Na mjomba akapewa kipimajoto kidogo. Kiyoyozi kikiwa kimefanya kazi robo saa, hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi. Tofauti ikishuka chini ya hapo kwa siku kadhaa na filta ni safi, apige simu, asingoje wageni waseme.

Matokeo ya miaka miwili

Hakuna gesi iliyonunuliwa. Hata gramu.

Kuosha kulipaswa kugharimu 14,400 kwa miaka miwili, lakini kulikatika miezi minne, kijana alipopata kazi Mtwapa na mbadala wake akachelewa kupatikana. Zililipwa 12,000. Fundi 45,000. Kapasita moja ya cha mama 1,500. Na Aprili ya pili fundi aligundua kwamba mabano ya chuma yaliyobeba mashine ya sebule ukutani yameliwa na kutu kwa ndani, upande usioonekana. Ungeyagonga kwa bisibisi yalitoa sauti ya bati. Yakabadilishwa kwa 6,500, wiki chache kabla ya pepo za Mei. Mashine ile ni nzito na chini yake ndipo watoto wa jirani huchezea.

Jumla ni 65,000, yaani 32,500 kwa mwaka. Mita ya usiku imerudi kwenye yuniti 5 hadi 6.

Mwenye nyumba alipoona hesabu hiyo hakufurahi mara moja. Katika jedwali lake, mstari wa "matengenezo" ulikuwa takriban 21,700 kwa mwaka katika miaka mitatu na nusu ya kwanza, na sasa umepanda kwa karibu nusu. Ilibidi tukae naye kwenye simu tuweke pale pale 134,500 za ule Aprili: ukaguzi, kiyoyozi kipya, kukifunga na koili. Ukizigawa nazo juu ya miaka mitatu na nusu, kipindi cha kwanza kinagharimu zaidi ya 60,000 kwa mwaka, na bado hujaitaja stima. Tukubali kwamba si haki kuzibebesha zote kwa kipindi kile, kwa kuwa mashine mpya bado iko na itaendelea. Lakini hata ukizikata nusu, mpango wa mara moja kwa mwaka ndio uliokuwa ghali.

Uchambuzi

Mpango wa Kanada haukuwa wa kijinga. Kwa mji ule ni mpango mzuri: mashine hufanya kazi wiki chache, na ikizimwa inapumzika kwelikweli. Hakuna kinachoila. Adui ni barafu, na barafu huzuiwa kwa kifuniko.

Malindi hali imegeuka chini juu. Miezi ambayo viyoyozi havitumiki, yaani Mei hadi Septemba, ndiyo ya kusi, bahari imechafuka na upepo unakuja na marasharasha ya chumvi moja kwa moja kutoka kusini-mashariki. Nyumba iko kimya, mashine zimezimwa, na ndipo zinapooza. Mashine inayofanya kazi angalau hujikausha kwa joto lake. Iliyozimwa na kufungwa turubai hubaki na unyevu wa chumvi ndani ya nguo, mchana ikipikwa na usiku ikitota. Kwa hivyo huduma ya Desemba peke yake ilikuwa ikifika baada ya msiba. Ukiniambia nichague ziara moja tu ya fundi kwa mwaka katika nyumba ya pwani ningechagua Agosti, wakati hakuna mgeni hata mmoja.

La pili ni bei ya mikono na bei ya vyuma. Kanada fundi ni ghali, kwa hivyo busara ni kupunguza safari zake. Hapa mkono wa mtu ni nafuu na kipuri ni ghali, tena hutoka Mombasa, na wakati mwingine Mombasa wenyewe wanakingoja. Kijana aliyeosha mwezi mzima kwa 600 angeosha zaidi ya miaka minne kabla hajafikia bei ya koili moja. Mwenye nyumba alikuwa akibana kwenye kilicho rahisi na kumwaga kwenye kilicho ghali, kwa sababu bei alizozizoea kichwani zilikuwa za kwingine.

Kuhusu fundi wa kwanza, nimesikia watu wakimwita mwizi. Mimi siafiki. Alilipwa kwa kujaza gesi, akajaza gesi. Hakuna aliyewahi kumwambia, "chukua hizi utafute inakovujia," na mtungi wa naitrojeni hana. Mfumo wa kiyoyozi umefungwa. Gesi huzunguka humo humo na haiishi kama ya jiko. Ikipungua, kuna tundu. Katika mara zote alizopigiwa simu, swali lilikuwa "bei gani?" na sio "ile ya mwanzo ilikwenda wapi?" Gesi yenyewe nayo si kitu cha kuachia hewani hivi hivi: kilo moja ya R-410A, kwa hesabu ya miaka 100, inapasha dunia joto kama zaidi ya tani mbili za kaboni dioksidi. Nyumba hii ilijaza anga mara tano.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni zile 4,500 za ukaguzi. Bila hizo vingenunuliwa vitatu na kufungwa ukuta ule ule, vikimwagiwa maji yale yale ya kisima.

Kuna mambo ambayo kisa hiki hakiwezi kuyathibitisha. Tulibadilisha vitu vingi kwa pamoja: mahali, koili yenye kinga, maji, ratiba, maturubai. Ukiniuliza kipi kimeleta faida kubwa nitasema mahali na maji, lakini siwezi kukitenga. Kiyoyozi cha mama si kipimo safi vile vile, maana bibi huyo hapendi baridi. Hukiwasha kwa muda wa saa moja tu akisha kuswali isha, kisha hufungua dirisha na kuwasha feni. Na miaka miwili ni michache kwa koili ya sebule iliyobaki mashariki. Tayari kwenye kingo zake za chini kuna madoa, na ile miezi minne bila kuoshwa ilikuwa mitatu ya kusi na mmoja wa mvua. Hapo ndipo mpango huu ulipo dhaifu: unategemea mtu mmoja wa 600 kwa mwezi, na mtu wa 600 akipata kazi Mtwapa ataondoka, ana haki. Sasa kazi ile imegawiwa vijana wawili wa jirani kwa zamu, na tarehe ya kila zamu huandikwa kwenye daftari la stima.

Wanaotaka kuiga ratiba hii waipime kwa mahali walipo. Nyumba zilizo ndani, kuelekea Barani au Ganda, hazipati chumvi ya namna hii. Kwao kuosha kila baada ya miezi mitatu kunaweza kutosha, na kinachosumbua zaidi ni vumbi na mijusi. Aliye mstari wa mbele kabisa ufukweni, hasa ghorofani, asitosheke na mara moja kwa mwezi wakati wa kusi. Na anayeishi kwenye fleti ambayo mashine ya nje imening'inia mahali pasipofikika bila kamba, hesabu yake ianze kabla ya kununua: amuulize mwenye jengo kama inaweza kuwekwa pahali ambapo mtu aliyeshika ndoo ataifikia.